Mpira Uleule, Ugonjwa Mwingine

Fundi wangu wa Gerezani hafungui nati kabla ya kupapasa. Asubuhi hiyo alikuwa na wagonjwa wawili, Subaru Forester ya petroli na pikapu ya dizeli, zote za turbo. Subaru ilichomoka kwa fujo kisha ikakata ghafla. Pikapu haikuvuta kabisa. Mwinuko kidogo tu, moshi mweusi. Vidole vyake vilikuta kitu kilekile kotekote: mpira mwembamba uliopasuka.

Akachukua pampu ya mkono yenye geji. Kwenye Subaru alisukuma hewa, na kifimbo ubavuni mwa turbo kikatoka polepole, kikafungua kilango ili sehemu ya moshi ipite pembeni bila kuzungusha feni. Kilango hicho hufunguliwa na presha ya turbo yenyewe. Mpira ukipasuka presha haikifikii, hewa inazidi, na kompyuta inakata mafuta kunusuru pistoni. Petroli ina haki ya kuogopa: mchanganyiko wake ukibanwa mno hujilipua bila kungoja moto wa plagi uufikie, na injini inagonga.

Kwenye dizeli aligeuza pampu, akavuta. Humo hakuna kilango cha pembeni, bali vibawa vyembamba vinavyoizunguka feni. Vikibanana, moshi hupenya kwa kasi hata injini ikiwa chini. Vibawa huvutwa kwa vakyumu ya pampu ya injini, na mpira ukitoboka hubaki wazi, turbo ikalala. Dizeli haisumbuliwi na hewa ya ziada. Ikiikosa ndipo inapotoa moshi. (Porsche walitia vibawa hivyo kwenye 911 Turbo ya petroli mwaka 2006, kwa chuma maalumu, maana moshi wa petroli hukaribia nyuzi 1,000.)

Mimi ningebadilisha mpira nikaondoka. Yeye alivuta tena, jicho kwenye kifimbo. Kilipanda, kikasita katikati kama mtu aliyesahau neno, kikaendelea. Akarudia mara tano, kikasita palepale.

“Masizi, kaka. Nikiweka mpira tu, wiki ijayo utanirudia.”

Akaishusha turbo. Alisugua kibawa kimoja kimoja kwa brashi na dizeli, akikichezesha kila kimoja kwa ncha ya kidole. Saa tatu zilipita hivyo.

Jioni akavuta pampu. Kifimbo kikapanda bila kusita. Akakiachia, akakivuta tena, nadhani safari hii kwa raha yake tu.