Mohammed Ankoni na Taji la Mwingine

Katika hadithi za Mfalme Arthur, zilizotungwa upya na Thomas Malory na kupigwa chapa mwaka 1485, Sir Kay ndiye msimamizi wa nyumba ya mfalme. Hujigamba, kisha huangushwa farasini, na msomaji hucheka. Katika baraza la Kilwa alikuwako mtu wa cheo kilicho karibu na hicho, mtunza hazina Mohammed Ankoni, aliyesimuliwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Kisa chake chachekesha kwa namna nyingine, iliyo chungu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alidai kodi ya dhahabu. Amiri Ibrahim, aliyeitwaa enzi kwa kumwondoa Sultani al-Fudail, alimtoa Ankoni awe rehani, kisha asilipe. Rehani ikajikomboa kwa mali yake yenyewe. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, na Ankoni akavikwa taji la dhahabu lililokuwa likipelekwa kwa mfalme wa Cochin, Bara Hindi. Barros ayaeleza haya kwa taadhima, kana kwamba ni malipo ya uaminifu tu, wala haoni kichekesho cha mtu kutawazwa kwa taji la mwenziwe. Hapo kazi yake ni dhaifu. Lakini asipopamba ndipo Ankoni anapokuwa mtu: mfalme mpya aomba mrithi awe mwana wa al-Fudail, si mwanawe mwenyewe. Ombi hilo halina mbwembwe, nalo lalizidi taji kwa uzito. Mwaka 1506 Ankoni aliuawa. Mwaka 1512 Wareno wakaihama ngome yao ya Kilwa.