Alama za Aliyeahirisha Mtihani

Vitabu vya kanuni za mitihani vya vyuo vikuu vyetu havisomwi na watu wengi mpaka siku ya shida. Mwanafunzi hukabidhiwa chake wiki ya kwanza, akakitia chini ya godoro, akaanza kukitafuta siku aliyolazwa. Mimi nimevisoma vichache tangu nistaafu, kwa sababu walimu niliowafundisha chuoni huenda kujiendeleza, na wanapokwama huja kuniuliza. Nina ugomvi na vitabu hivi, hasa juu ya alama za kazi za muhula za mtu aliyeruhusiwa kuahirisha mtihani.

Utaratibu wenyewe wafahamika. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vingine vingi vya Tanzania, majaribio, insha, semina na kazi za maabara kwa kawaida huchukua alama 40 katika 100, na mtihani wa mwisho huchukua 60. Aliyeshindwa somo hufanya mtihani wa marudio. Aliyezuiwa na ugonjwa, uzazi au msiba, akaomba na akakubaliwa, hufanya mtihani maalumu. Mara nyingi mitihani hii miwili hufanywa wiki moja, chumba kimoja, hata karatasi ya maswali ikawa ni ile ile. Hapo ndipo mambo huanza kuchanganyika.

Mtu wa marudio amekwisha kupimwa. Kazi zake za muhula zilitumika katika hesabu iliyomwangusha, ndiyo maana kanuni huziweka kando na kumpa C hata akipata 90. Sina neno na hilo. Lakini mtu wa mtihani maalumu hajapimwa bado. Kwake huo ndio mtihani wa kwanza, na zile alama zake katika 40 zimekaa zikingoja nusu ya pili ya hesabu.

Mwalimu mmoja, mama wa watoto watatu sasa, alikwenda mtihani wa Julai ukimkuta akiwa na 31 katika 40. Wiki hiyo hiyo akajifungua. Cheti cha hospitali alikuwa nacho, na kibali cha mkuu wa kitivo alikuwa nacho. Septemba akafanya mtihani maalumu akapata 35 katika 60. Jumla, ndugu msomaji, ni 66. Lakini karani alikuwa amemwandika katika orodha ya marudio. Zile 31 zikafutwa. 35 katika 60 zikageuzwa kuwa 58 katika 100. Na hiyo 58 nayo ikashushwa ikawa C. Alipolalamika akajibiwa kwamba kanuni haisemi vinginevyo. Nikaomba kitabu chenyewe nikakisoma. Kweli, haikusema. Kulikuwa na kurasa nzima juu ya vikaratasi vya wizi, juu ya kunong'ona, juu ya kuchelewa nusu saa. Kuhusu mtihani maalumu palikuwa na sentensi moja tu, kwamba utafanywa pamoja na ule wa marudio. Aliyeandika kitabu kile alikuwa na wezi akilini, wagonjwa hakuwakumbuka. Rufaa yake ilikubaliwa baada ya miezi mitano, naye alikwisha kupitwa na mahafali.

Nchi hii ililijadili jambo hili zamani. Maazimio ya Musoma ya Novemba 1974 yalitaka uzito wa mitihani ya kuandika upunguzwe, na maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe. Kuanzia 1976 tukayahesabu. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na nakumbuka kadi zilivyojaa makabati. Basi kama tunaamini kwamba insha ya Aprili ilipima jambo la kweli, homa ya Julai inaifutaje? Chuo kinachoifuta kinakiri kwamba hakikuiamini tangu mwanzo.

Huambiwa kwamba wapo wajanja wanaougua kwa makusudi ili wapate miezi miwili ya kusoma. Wapo, nimewaona. Dawa yao ni kuchunguza cheti cha daktari kabla ya kutoa ruhusa. Ukishairuhusu safari usimnyang'anye abiria mzigo njiani. Na mwenye 17 katika 40 naye abaki nazo. Asije Septemba akaomba ahukumiwe kwa mtihani peke yake eti kwa sababu sasa amesoma.

Kinachonisumbua zaidi ni yule aliyeugua kati ya muhula, akiwa na jaribio moja kati ya mawili. Baadhi ya wahadhiri huzidisha kwa mbili: 14 katika 20 ikawa 28 katika 40. Huko ni kulipa kazi isiyofanyika. Wengine huweka sifuri, nao huo ni ukatili. Afanye jaribio lililobaki kabla ya mtihani maalumu, hata kama mhadhiri atanung'unika kutunga maswali ya mtu mmoja.

Mwaka 2020 vyuo vyote vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19, vikafunguliwa Juni 1. Mitihani ikasogezwa kwa maelfu ya wanafunzi, na sikusikia mtu akipendekeza majaribio ya kabla ya Machi yafutwe. Walipokuwa wengi, hesabu haikuwa na ugumu. Ugumu huja anapokuwa mama mmoja mlangoni kwa msajili.

Kanuni ninayoitaka haijazi nusu ukurasa. Iseme kwamba mtihani maalumu ni mtihani wa kwanza, kwamba kazi za muhula zilizokwisha kusahihishwa zitahesabiwa kama zilivyo, na kwamba orodha ya wa maalumu na orodha ya wa marudio ziandikwe mbali mbali. Tena, siku ya kupewa ruhusa, mwanafunzi aonyeshwe alama alizo nazo hadi hapo, atie sahihi, na nakala aende nayo nyumbani.