Heko kwa Daftari la Konstebo

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 1888, saa tisa kasoro dakika tano, konstebo Alfred Long aliokota kipande cha aproni chenye damu Goulston Street, London. Kilikuwa cha Catherine Eddowes, aliyeuawa usiku huohuo. Juu ya kipande hicho, ukutani, kulikuwa na maneno ya chaki yaliyowataja Wayahudi.

Polisi wa City of London walitaka maneno hayo yapigwe picha. Sir Charles Warren, mkuu wa Polisi wa Metropolitan, kwa kuhofia ghasia dhidi ya Wayahudi, akaamuru yafutwe kabla hakujapambazuka vizuri. Tukabaki na madaftari ya mfukoni ya polisi walioyanakili.

Nayo hayakubaliani! Neno la kukanusha lililokuwa katika sentensi ile Long analiweka huku, mpelelezi Daniel Halse analiweka kule. Mbele ya mchunguzi wa vifo, Long alitumwa akalete daftari lake; likaonyesha ameandika neno “Wayahudi” kwa tahajia ya kawaida, ilhali inspekta alikuwa ameona ukutani limeandikwa kivingine.

Wengi huwacheka polisi hao. Mimi nawavulia kofia: waliandika gizani, na Long hakuificha tofauti ile alipoulizwa.