Kupimwa Sauti kwa Dakika Mbili: Tahakiki ya Tukio Moja katika Filamu ya Bohemian Rhapsody

Filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyotolewa mwaka 2018 na kumpatia Rami Malek tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora mwaka uliofuata, imekwisha kuhakikiwa na wengi, nasi hatuna haja ya kuisimulia yote. Makala haya yanashughulikia tukio moja la mwanzoni, lile ambamo Freddie Mercury anapimwa sauti na bendi aipendayo. Aliyepimwa ni mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja, na hilo peke yake lingetosha kumvuta mwalimu wa Kiswahili. Lakini liko na jambo zito zaidi. Wanafunzi wetu wa Kabezi, katika mwambao wa Tanganyika kati ya Bujumbura na Rumonge, wameitazama filamu hii katika simu zao, na tukio hilo limekaa vichwani mwao kama kwamba ni historia.

Mambo yenyewe ni haya. Bendi ya Smile imemaliza kupiga. Mwimbaji wake, Tim Staffell, amewaaga wenzake na kwenda zake. Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, wamebaki katika gari lao nje ya ukumbi, hawajui la kufanya. Hapo anatokea kijana, anajitolea kuishika nafasi iliyo wazi, anataniwa kwa sababu ya meno yake, anaimba mistari michache bila ala yoyote, na wale wawili wanatazamana. Kazi imekwisha! Kwa upande wa fani, tukio limesukwa kwa ustadi. Maneno ni machache, dhihaka inageuka staha mbele ya macho yetu, na Malek anaificha hofu ya mwombaji nyuma ya tabasamu kwa namna ambayo mwigizaji hafifu asingeiweza.

Tatizo limo katika maudhui. Farrokh Bulsara, kwani hilo ndilo jina alilopewa alipozaliwa tarehe 5 Septemba 1946, hakuwatokea Smile kutoka gizani. Alisoma Chuo cha Sanaa cha Ealing, London, pamoja na huyo huyo Staffell, na kwa njia yake akajuana na wenzake. Alihudhuria maonyesho yao, akazijua nyimbo zao, akawapa mashauri ambayo hawakuyaomba. Hata kabla ya hapo, alipokuwa mwanafunzi wa bweni huko Panchgani, India, alipiga piano katika bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Mwaka 1969 alijiunga na Ibex, bendi ya vijana kutoka Liverpool, ambayo ilibadili jina ikawa Wreckage, kisha ikafa. Mapema mwaka 1970 alijibu tangazo la bendi ya Sour Milk Sea iliyokuwa ikitafuta mwimbaji, akapimwa sauti, akachukuliwa. Nayo bendi hiyo haikudumu. Ni baada ya yote hayo ndipo Staffell alipoondoka Smile, na Freddie akaingia mahali pake mwaka huo huo wa 1970.

Yamkini msomaji atasema kwamba filamu si kitabu cha historia, na kwamba mtunzi ana ruhusa ya kufupisha. Sikatai. Filamu hiyo hiyo inamwonyesha John Deacon akipiga gitaa la besi katika onyesho la kwanza, ilhali alipatikana mwaka 1971 baada ya wapigaji wengine kujaribiwa; huo ni ufupisho, na haumdhuru mtu. Tukio la kupimwa sauti ni habari nyingine, maana limegeuza sababu ya mambo. Katika maisha yake halisi, Freddie alikubaliwa na watu waliokwisha kumjua, baada ya kuimba katika bendi mbili zilizovunjika. Katika filamu anakubaliwa kwa sababu ana koo la ajabu na amekutana na watu wenye masikio.

Niliwataka wanafunzi wa Kabezi walisimulie tukio hili kwa Kiswahili, kama zoezi la usimulizi. Insha zilikuwa nzuri, nyingine nzuri kuliko nilivyotazamia kwa watoto ambao lugha yao ya nyumbani ni Kirundi. Lakini kijana mmoja, mpenzi mkubwa wa muziki wa hevi metali, aliongeza aya ya maoni yake: ameacha mazoezi ya kwaya kwa kuwa yanampotezea wakati, na mwenye kipaji husikika mara moja tu. Anangoja siku ambayo bendi aipendayo itamsikia. Aya hiyo haikuwa na kosa hata moja la sarufi.

Kijana wa namna hiyo anaweza kututajia Tim Owens, naye atakuwa na hoja. Mwaka 1996 Owens, mwimbaji wa Ohio, Marekani, aliitwa na Judas Priest, mojawapo ya bendi kubwa za hevi metali za Uingereza, na inasimuliwa kwamba alikubaliwa kabla hata hajafika mbali katika wimbo wa kwanza. Je, hizo si zile dakika mbili? Ndizo. Ila Owens alikuwa mwimbaji wa bendi iliyoziiga nyimbo za Judas Priest usiku baada ya usiku, na wakubwa hao walikuwa wamekwisha kumwona katika mkanda wa video kabla ya kumwita. Walichokipima siku ile kilikuwa kimepikwa kwa miaka. Zaidi ya hayo, sifa iliyompa kazi ilikuwa kufanana na Rob Halford, mwimbaji aliyeondoka mwaka 1992; Halford aliporejea mwaka 2003, Owens akatoka.

Hapa kwetu Afrika Mashariki uko mfano wa kinyume chake. Duma, Wakenya wawili waliotoa sahani yao mwaka 2020 kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walitoka katika bendi za hevi metali za Nairobi. (Mswahili akisikia jina hilo humfikiria mnyama mwenye mbio, wenyewe wamekusudia giza, kwa Kikuyu.) Sauti ya Martin Khanja ni ukelele mtupu, na sijui ni jopo gani la wapimaji lingempitisha kama lingemtaka afanane na mtu aliyemtangulia.

Kuhusu Unguja, filamu inaitaja kwa maneno machache mezani na kuendelea na safari yake. Wako wanaodai kwamba neno Bismillahi katika wimbo wa mwaka 1975 ulioipa filamu jina ni kumbukumbu ya Unguja. Huenda, lakini nyumba ya akina Bulsara ilikuwa ya Waparsi wafuasi wa Zoroaster, na neno moja ni ushahidi mwembamba.

Jambo moja la mwisho, ambalo watazamaji wengi hawalijui, ni kwamba sauti ya Freddie katika filamu si ya mtu mmoja. Imechanganywa ya Freddie mwenyewe, ya Malek, na ya Marc Martel, Mkanada aliyejipatia nafasi katika bendi ya kuziimba nyimbo za Queen mwaka 2011 kwa kupeleka video yake akiimba. Na wimbo wa Smile unaosikika mwanzoni, Doing All Right, ulirekodiwa upya kwa ajili ya filamu hii na May na Taylor. Aliyeitwa kuuimba ni Tim Staffell, yule yule anayeonekana akiondoka.