Ukewenza na Marehemu: Maoni juu ya Riwaya ya Rebecca

Wahakiki wetu wamezoea kuzigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati, zile zinazosomwa darasani, na riwaya pendwa, zile zinazosomwa kitandani taa ikishazimwa. Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotoka Uingereza mwaka 1938, imeteseka sana kwa mgawanyo huu. Kwa kuwa ina mapenzi, jumba kubwa, maiti na siri, wengi huiweka fungu la pili, basi, mjadala umekwisha. Maoni yangu ni tofauti. Nadai kwamba riwaya hii ina jambo zito la kutuambia sisi tunaosoma, na jambo hilo limefichwa ndani ya ile ile taharuki inayodharauliwa.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Msichana maskini, yatima, ameajiriwa kumsindikiza tajiri mmoja mwanamke huko Monte Carlo. Anakutana na Maxim de Winter, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, Rebecca. Wiki chache tu, wameoana. Anapelekwa Manderley, jumba la ukoo wa mumewe karibu na bahari. Hapo ndipo shida inapoanza, maana kila kitu ndani ya nyumba ile bado ni cha Rebecca: vyumba, maua, ratiba ya chakula, hata mbwa.

Msomaji wa Kiswahili ana neno ambalo Waingereza hawana: ukewenza. Bibi arusi huyu ameolewa ukewenza na marehemu. Na tukumbuke kwamba mke mwenza aliye hai anaweza kugombana nawe, kukosea, kuzeeka, kunenepa. Marehemu hazeeki. Kila siku anazidi kuwa mzuri, na wewe kila siku unazidi kujiona huna maana.

Tena kuna Bi Danvers, mtunza nyumba. Wengi humwona kuwa mchawi wa hadithi, lakini kwangu mimi ni kungwi aliyegeuzwa. Kwetu kungwi humwingiza mwari katika mambo ya unyumba. Humfundisha mpaka aiweze nafasi yake. Bi Danvers naye anafundisha, ila somo lake ni moja: wewe si mke wa nyumba hii, mwenyewe yupo. Anamwonyesha chumba cha Rebecca, anamshikisha nguo zake, anamshauri avae vazi fulani usiku wa dansi huku akijua kuwa Rebecca alivaa lile lile katika dansi iliyotangulia. Kesho yake anasimama naye dirishani na kumnong'oneza ajitupe chini. Hana kisu wala sumu, ana maneno tu. Jamani, ukurasa ule nilisoma nimesimama.

Kifani, jambo linalostahili sifa kubwa ni usimulizi wa nafsi ya kwanza. Msimulizi hatajwi jina kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anaitwa Bibi de Winter, cheo ambacho tayari kina mtu. Simu inapolia mara ya kwanza, akiulizwa kama yeye ndiye Bibi de Winter, anajibu kwamba Bibi de Winter amekwisha kufa. Kumbe aliyepiga ni Bi Danvers, kutoka chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo! Mwandishi hakuhitaji bastola hapo. Simu, leso yenye herufi R iliyosahauliwa mfukoni mwa koti, sanamu ndogo inayovunjika na vipande vyake kufichwa kama kwamba ni mtoto aliyevunja: hivyo ndivyo vifaa vya taharuki yake. Woga wa nyumbani hutokana na vitu vya nyumbani.

Sasa tufike penye kiini. Karibu na robo ya mwisho ya kitabu, mashua ya Rebecca inaonekana chini ya bahari na maiti yake ndani. Maxim anaungama kwa mkewe: Rebecca hakuzama kwa ajali, yeye mwenyewe ndiye aliyempiga risasi. Anasema alimchukia, kwamba alikuwa mwanamke mwovu, mzinifu, na kwamba usiku ule alidokeza ana mimba ya mwanamume mwingine. Na bibi arusi wetu anafanya nini? Je, anashtuka kwamba amelala kitanda kimoja na muuaji? Hasha. Anafurahi. Kilichobaki moyoni mwake ni kimoja tu: mume wangu hakumpenda yule.

Ubaya ni kwamba na sisi tunafurahi naye. Kuanzia hapo hadi mwisho tunasoma tukiomba Maxim asikamatwe. Uchunguzi wa kifo unapoamua kwamba Rebecca alijiua, tunapumua. Daktari wa London anapofichua kwamba Rebecca alikuwa na saratani na asingeweza kuzaa, tunapumua tena. Hebu tujiulize: tumefikaje hapa? Tumefikishwa na sauti moja. Tumelishwa woga na wivu wa msimulizi kwa kurasa mamia, hata mapenzi yake yamekuwa yetu.

Wapo watakaonipinga wakisema ushahidi dhidi ya Rebecca hautoki kwa Maxim peke yake. Ni kweli. Ben, yule maskini mwenye akili pungufu anayezurura ufukoni, alimwogopa. Bi Danvers mwenyewe anasema Rebecca aliwacheka wanaume. Nakubali: Rebecca hakuwa malaika. Lakini ushahidi wote huo unathibitisha kwamba alikuwa mkatili na si mwaminifu. Hakuna hata chembe moja inayothibitisha kwamba alistahili risasi. Kitabu kinatufanya tuchanganye mambo hayo mawili, na mchanganyo huo tunaujua vizuri. Mwanamke akiuawa na mumewe, swali la kwanza mtaani huwa nini? "Alimfanya nini?" Kabla hajazikwa, tabia yake imeshafika barazani, naye hayupo kujibu.

Inafaa kulinganisha na filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kanuni za filamu za Marekani wakati ule hazikuruhusu muuaji wa mkewe aachwe bila adhabu, kwa hiyo humo Rebecca anaanguka na kujigonga kichwa. Filamu ikamsafisha Maxim, na kwa kumsafisha ikamwondolea mtazamaji mzigo. Riwaya haikumwondolea msomaji.

Udhaifu upo. Habari za daktari zinakuja kwa wepesi mno, kama mganga wa hadithini anayetokea njia panda. Kibaya zaidi, utasa wa Rebecca unatajwa kama kwamba ni mhuri wa uovu wake. Hapo mwandishi ameteleza, na sioni sababu ya kumtetea. Aidha, Kanali Julyan, hakimu aliyekula mezani kwa Maxim, huenda ameshaujua ukweli lakini ananyamaza, na mwandishi anapita haraka juu ya suala hilo la tabaka. Angekaa hapo kidogo.

Hata hivyo, naomba wasomaji warudie sura mbili za mwanzo baada ya kumaliza kitabu. Du Maurier alianza kukiandika Alexandria, Misri, alikomfuata mume wake mwanajeshi, na ugeni umejaa katika kurasa hizo. Manderley imekwisha kuungua. Wanandoa wanaishi ugenini, katika hoteli ndogo. Mke anamsomea mume magazeti ya kwao kwa sauti, akichagua kwa uangalifu ya kusoma na ya kuruka, asije akamkumbusha. Mara ya kwanza nilidhani ni mapenzi. Mara ya pili niliona muuguzi na mgonjwa wake, au pengine mlinzi na mfungwa wake. Ameshinda ukewenza, na zawadi yake ndiyo hiyo.

Riwaya inayoweza kumfanya msomaji mwema amwombee dua muuaji, kisha ikamwachia ushahidi wa kujihukumu, haifai kuachwa kitandani. Iletwe darasani tuigombanie.