Tumjadili Amo, tusimpigie makofi tu

Kila ninapohudhuria mhadhara kuhusu wanafalsafa Waafrika waliosahaulika, jina la Anton Wilhelm Amo halikosi kutajwa. Tunasimuliwa alivyozaliwa katika eneo ambalo leo ni Ghana, akapelekwa Ujerumani angali mtoto, akasoma na baadaye kufundisha katika Chuo Kikuu cha Halle, kisha katika miaka ya 1740 akarejea kwao. Tunapiga makofi. Basi!

Lakini je, Amo alisema nini? Hapo kimya hutanda. Katika tasnifu yake ya 1734, aliyoiandika kwa Kilatini, alishikilia kwamba akili ya binadamu haihisi. Kinachohisi ni mwili ulio hai. Kwa hoja hiyo alimkosoa Mfaransa Descartes waziwazi.

Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Ikiwa akili haihisi, inajuaje kwamba jino linauma? Ila swali hilo sikulipata katika wasifu wake. Nililipata nilipoifuata hoja yake.

Jamani, kuongeza jina kwenye orodha si kumrejesha mtu. Mwanafalsafa hurejea tunapobishana naye. Sisi tunaofunza vyuoni tuwape vijana hoja za Amo, wazivunje wakiweza.