Kuzama na Kupiga Mbizi

Kitabu cha Edward Young, One of Our Submarines, kilichotolewa mwaka 1952, chastahili kufasiriwa kwa Kiswahili. Lakini mfasiri aangalie sana vitenzi vyake. Young, afisa wa akiba ya kujitolea ya wanamaji wa Uingereza, aliiongoza nyambizi Storm katika doria za bahari ya Norway, kaskazini kabisa, kisha Mashariki ya Mbali. Katika doria nyambizi hupiga mbizi, haizami. Apigaye mbizi hukusudia kuibuka, aliyezama amepotea. Iliyozama ni Umpire, mwaka 1941, ilipogongana na meli ya uvuvi usiku, na Young akaokoka. Mfasiri akiandika "kuzama" pote pawili, msiba huo hautapambanuka na kazi ya kila siku, na kitabu kitapoteza kitisho chake. Msomaji wa Mukendo, mjini Musoma, aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, hachanganyi mambo hayo. Hata meli Sybil ya Waingereza, katika vita vilivyotangulia, haikuzama: mwaka 1914 ilipanda mwamba huko Majita, na mwaka 1915 ikanasuliwa. Maneno tunayo, mfasiri na ayatumie kila moja mahali pake.